Siku Niliyokwenda Kuhakiki Msiba

Nimekaa na aibu hii tangu mwaka juzi, sasa nimeona niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kamachumu, maana wao wakiisimulia huongeza chumvi, wanasema nililala juu ya jeneza, na mimi sikulala juu ya jeneza, niliegemea tu, na hata hapo nilikuwa nimeshikwa na watu wawili. Chekeni mkitaka, lakini nisikilizeni kwa mpangilio, kwa sababu mkasa huu haukuanzia msibani. Ulianzia darasani.

Kwanza mnijue. Mimi Editha ni mtu wa kushuku, sijifichi. Nikinunua maziwa nayatazama kwanza kwenye mwanga, mtu akiniambia yuko njiani namwuliza amepita wapi, na mchumba wangu wa kwanza aliniacha kwa sababu nilimpigia kwa simu ya jirani nikajifanya msichana mwingine ili nione atajibu nini (alijibu vizuri tu, maskini). Sasa mtu wa namna hiyo ukimpeleka kusoma uchumi unauongezea moto kuni. Nilikuwa nasoma jioni pale Bukoba mjini, stashahada ya usimamizi wa biashara, na somo nililolipenda kupita yote lilikuwa uchumi wa menejimenti, ambalo mwalimu wetu alisema lengo lake ni kumfanya meneja aache kuamua kwa mazoea, aamue kwa nadharia. Nilitoka mle na mambo matatu kichwani: kwamba kila mtu hufuata maslahi yake, kwamba anayekuja kununua anajua jambo usilolijua wewe, na likimfaa atalificha, na kwamba ukiuza kitu kilekile kwa bei mbili lazima ujenge ukuta kati ya wanunuzi, la sivyo wote watapitia mlango wa bei ya chini. Hilo la mlango nililipigia mstari mwekundu, mara mbili.

Na kweli nilikuwa na mahali pa kulitumia. Shangazi yangu, Ma Leokadia, dada yake baba, anakodisha viti, maturubai na masufuria makubwa ya shughuli. Nyumbani kwake ni Kitendaguro, stoo ya kwanza iko palepale uani, ya pili aliifungua Muleba mjini, lakini magoti yamemkataa na safari ya Muleba imekuwa mateso. Akaniita akaniambia, "Editha, nenda ukae Muleba miezi mitatu nikuone. Ukiiweza, ufunguo ni wako." Ufunguo wenyewe anauvaa shingoni kwenye kamba moja na rozari. Niliutaka ule ufunguo kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimeshaua biashara mbili (kuku, halafu vifaa vya simu), ninaishi chumba kimoja nyumbani kwa kaka yangu Kahororo, na kila nikila chakula chake nilihisi shemeji anahesabu matonge, ingawa pengine hakuwa akihesabu.

Shangazi ana taratibu zake. Harusi, kipaimara, upadrisho, hizo ni bei kamili. Msiba ni nusu, na mtu wa msiba haulizwi kitu, anapewa pole, anapewa viti, anakwenda. Si hivyo tu. Kila msiba viti vyake vinakokwenda na yeye huenda, na magoti yake yaleyale, anakaa mstari wa mwisho kwenye kiti chake mwenyewe chenye jina lake, kama viti vyake vyote, limepakwa rangi nyuma ya egemeo, anakaa mpaka udongo umerudishwa, anakula alichopewa, anarudi. Nilimweleza kwa heshima zote kuhusu gharama ya fursa, kwamba siku aliyoitumia kukaa msibani angeweza kuitumia kutafuta wateja wa harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukimaliza hesabu hiyo niletee chai."

Basi nikakaa Muleba na nadharia yangu, mwisho wa wiki narudi Kahororo, na kila nikiutazama ule utaratibu nauona una tundu. Kiti kimoja, bei mbili, na ukuta uliopo ni mdomo wa mteja. Mtu yeyote anaweza kuingia na kusema msiba. Nikaanza kuwatazama machoni. Alikuja mmoja akasema amefiwa na baba mkwe, nikamwuliza jina la baba mkwe, akababaika (sasa najua kwamba sisi huku hatuwaiti wakwe kwa majina, lakini siku ile nilimwandika kwenye daftari langu). Mwingine alikuja amenyoa ndevu vizuri, nikamwandika. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naamini kwamba nusu ya marehemu wa Muleba wako hai na wanakula.

Ndipo akaja Dominiki. Ilikuwa Jumatano, kijana mrefu mwenye shati safi, akasimama kwanza mlangoni anaongea na simu na anacheka, nasema anacheka mpaka anashika ubavu, halafu akazima simu akaingia akasema anataka viti mia mbili na maturubai matatu kwa Jumamosi, wana msiba wa ndugu yake, Fidelis, mwalimu, amefia Mwanza, wanamleta kuzika kwao Kamachumu. Nikampa pole huku namtazama. Akauliza, "Vile vitambaa vyeupe vya kuvisha viti mnavyo?"

"Vya harusi?"

"Hivyohivyo. Na zile riboni."

"Riboni za msiba?" nikamwuliza.

"Nyeupe tu, dada, zinatosha," akasema, akatia saini, akaondoka.

Hapo ningeweza kumpigia shangazi simu. Ningeweza pia kunyamaza. Lakini nikafanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kabisa, kwamba nitakwenda kuhakiki kwa macho yangu. Nilishapanga na ripoti: nimnase mwongo mmoja, nimpeleke kwa shangazi kama mfano, kisha nipendekeze kila anayedai msiba alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji, ukuta ujengwe, tundu lizibwe, na ufunguo uvuke kutoka shingo ile kuja shingo hii. Hata maneno ya kumwambia Dominiki niliyatunga, nilikuwa nimwendee taratibu nimpe mkono na kusema hongera kwa harusi.

Jumamosi nikatoka Kahororo kwa basi, kisha bodaboda mpaka Kamachumu, nikashuka barabarani, nikaingia kwa miguu katikati ya migomba ya kibanja chao, shamba la ukoo, ili nitokee ubavuni, nisionekane. Nilivaa kwa ajili ya matokeo yote mawili: ndani gauni la zambarau linalometameta kifuani, juu yake khanga nimejifunga kama mfiwa. Ikiwa ni harusi, khanga inaingia mkobani. (Mwalimu wetu alisema meneja mzuri hujiandaa kwa kila hali.)

Nilipotokea uani nikaona viti vyetu vimevishwa vyeupe mstari kwa mstari, na riboni zake. Harufu ya pilau. Wanawake nyuma ya nyumba wanamenya ndizi na mmoja anasimulia jambo na wenzake wanacheka. Kwaya inajaribu sauti. Jeneza hakuna. Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli na Mungu anisamehe, nikaanza kumtafuta bibi harusi kwa macho.

Nikamsogelea mama mmoja kwenye zile ndizi, nikamwuliza kwa sauti ya upole, "Marehemu yuko wapi?"

"Bado yuko njiani. Gari lilipata pancha huko Geita."

"Njiani," nikarudia, kama mtu aliyekwisha kuelewa mchezo. "Na kweli atafika?"

Yule mama akaacha kisu. "Wewe ni nani wake?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, yaani nimejiandaa kwa kila hali isipokuwa hiyo. "Nilimfahamu," nikasema. "Mwanza." (Mwanza nimefika mara mbili, mara zote kununua makava ya simu.)

"Ulimfahamu vipi?"

"Sana tu."

Alinitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye ule umetameta uliokuwa unachungulia kwenye khanga, akashuka mpaka viatuni. Akafuta mikono akaingia ndani, karibu anakimbia. Na palepale upepo ukaleta moshi wa mafiga yote matatu usoni kwangu, macho yakajaa maji, nikachukua pindo la khanga nikawa najifuta. Wanawake wawili wakatoka, wakaniona ninavyojifuta, wakanishika mikono huku na huku bila kuniuliza lolote, wakanipeleka mstari wa mbele kabisa, karibu na mama mzee mdogo wa mwili aliyekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta. Huyo ndiye Ma Veneranda, mama yake Fidelis. Alikuwa halii, anatazama barabarani tu.

Mbele yangu akaja kukaa mzee mwenye kofia na fimbo, Ta Baltazari, baba mdogo wa marehemu. Aliniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza kwetu, nikamwambia. Kisha akasogea karibu. "Nyumbani umemwacha nani?"

"Mtoto tu," nikasema, maana siku hiyo kaka na shemeji walikuwa shambani na aliyebaki ni mtoto wao.

"Ana umri gani?"

"Yuko darasa la pili."

Ta Baltazari akatikisa kichwa taratibu, akageuka kumnong'oneza wa pembeni, naye akamnong'oneza wa pembeni yake, nikaona habari inasafiri kwenye viti vyetu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nikawaza, huyu mzee ana kitu anakificha, mbona ananihoji hivi? Naye (alikuja kuniambia baadaye) alikuwa anawaza, huyu mwanamke amekuja kwa ajili ya kibanja. Tukakaa pale mimi na yeye tunashukiana kwa heshima, kila mmoja anamtabasamia mwenzake.

Halafu honi ikalia barabarani na kwaya ikanyamaza. Gari likaingia, wanaume wakalizunguka, jeneza likashushwa, mbele yake mtoto wa kike amebeba picha ya mwanaume mwenye miwani anayecheka. Wa kwanza kuruka kutoka kwenye gari alikuwa Dominiki, macho mekundu, shati lilelile la Jumatano. Nikapatwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, moja kwamba marehemu ni marehemu, na nyingine kwamba Dominiki atanitambua, na katika kukwepa ile ya pili nikajifunika khanga uso mzima nikasimama niondoke, sioni mbele, nikajikwaa, nikaangukia kitu kigumu. Lilikuwa jeneza, ndilo lilikuwa linapita. Hapo ndipo penye ubishi na watu wa Kamachumu. Niliegemea.

"Mshikeni," sauti zikasema. "Mshikeni mama wa mtoto."

Mama wa mtoto. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli palepale, nikiwa nimeshikwa, watu kumi tu ndio wangesikia. Sikusema. Nilipiga hesabu kwamba wakianza kuzika nitapenya migombani nipotee, na huo ulikuwa uamuzi wa pili, nao ndio mbaya zaidi.

Walinirudisha kwa Ma Veneranda. Akanishika mkono, mkono wake mkavu na wa moto, akaanza kuongea polepole, nusu Kihaya nusu Kiswahili, kwamba kila likizo alimwambia Fidelis, waitu, mwanangu, nionyeshe mtu wa kuoa, naye akasema subiri mama, na amesubiri mpaka Fidelis amefika miaka arobaini. "Hivi vyeupe ni vya harusi yake," akasema anaonyesha viti. "Nimemtuma Dominiki avitafute. Nimeona nimfanyie leo, siku nyingine sina." Nikatazama zile riboni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ili Ta Baltazari asisikie, "Mtoto ni wa kiume au wa kike?"

Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sitaki kuiona tena. Nikavuta khanga usoni. Akanipigapiga mkono. "Utaniambia baadaye."

Misa ikasomwa palepale uani. Ilipoisha, kabla ya kwenda kaburini, Ta Baltazari akachukua kipaza sauti, akakohoa, akasema ukoo una jambo. Akasema wameletewa mgeni, na ukoo wetu si wa kumficha mtoto wala wa kumfukuza, lakini pia si wa kushtukizwa kesho na watu wanaodai hiki na kile, kwa hiyo kabla hatujamfunika kijana wetu, dada huyu asimame atueleze mtoto ni nani na amezaliwa lini. Akaninyooshea kipaza sauti. Watu wote wakageuka. Na Dominiki, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo, akainamisha kichwa kunichungulia, akasema, "Mbona huyu kama..."

"Mimi simfahamu marehemu," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa kizima kabisa, sauti yangu niliisikia inarudi kutoka ng'ambo ya barabara. "Mtoto ni wa kaka yangu. Mimi ni wa viti."

"Wa nini?" akauliza Ta Baltazari.

"Viti. Hivi mlivyokalia. Msiba tunatoza nusu bei, nikaja kuhakiki kama msiba ni wa kweli."

Afadhali wangenizomea. Hawakuzomea. Mzee mmoja alijigeuza kwenye kiti, akainua kile kitambaa cheupe, akasoma lile jina nyuma ya egemeo, kama mtu anayetaka kumjua adui yake. Kisha mstari wa mwisho kabisa mtu akaanza kusimama, kwa shida, anajishika magoti, na kabla hajanyooka nilishajua ni nani, maana katika kuhakiki kwangu nilisahau kwamba viti vyake vikienda msibani na yeye huenda.

"Ni mtoto wa kaka yangu," akasema shangazi bila kipaza sauti. Akatafuta neno. "Amesoma."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, huko nyuma kwanza, na mtu akasema nshomile, ambalo kwetu ndilo jina la mtu aliyesoma na akataka kila mtu ajue, na jina hilo ninalo mpaka leo, Kamachumu hawanijui kwa jingine.

Ma Veneranda hakucheka. Bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Kwa hiyo mtoto hakuna," akasema.

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Akalitazama jeneza. "Na umeshahakiki?"

"Ndiyo, mama."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mimi tangu waliponipigia simu nashuku," akasema. "Nikafikiri labda wewe utaona kitu ambacho sisi hatukukiona." Akaniachia mkono, akajifunika uso, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, ndivyo walivyoniambia.

Sikupenya migombani. Nilikwenda kaburini na wengine, nikarudi, nikaosha masufuria, nikavua vile vitambaa vyeupe kimoja kimoja na kuvikunja, na hakuna aliyenituma. Tukiwa njiani kurudi na shangazi nilisubiri matusi, hayakuja, mpaka nikaanza mwenyewe, "Shangazi, lakini waongo wapo."

"Wapo," akasema. "Kuna mmoja wa Nshamba amenizikia baba mkwe mara mbili. Kijiji kizima kinajua, na yeye anajua kwamba najua. Anapata viti vyake, ananunua aibu yake. Sasa unataka kwa ajili ya huyo mmoja nikamhoji Veneranda?" Tulipopita daraja akaongeza kwamba waliokaa kwenye viti vyake wakiwa wanalia, wakipata harusi hawaendi kukodi kwa mtu mwingine, na kwamba hilo hakuhitaji kulisoma jioni. Nilipofika Kahororo nilifungua daftari langu la darasani pale kwenye ule mstari mwekundu. Chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwalimu alikuwa ametuandikisha kwamba ukuta nao una gharama, na meneja aipime kabla hajajenga. Hilo sikulipigia mstari.

Ufunguo sikupewa, na miezi mitatu ikapita. Kisha asubuhi moja Muleba, shangazi amekaa ndani amenyoosha magoti, akaingia mwanaume mwenye viatu vipya, ananukia, anatabasamu, akasema ana msiba Jumamosi, na kama tuna riboni za waridi. Za waridi. Swali lilinipanda likafika hapa kooni, nikalimeza, nikasema, "Pole sana. Viti vingapi?"

Shangazi akavua kamba shingoni, akanipa ufunguo nikafungue stoo. Nilipomaliza kutoa viti akanyoosha mkono, akauchukua tena. Lakini Jumamosi alinituma mimi nikakae mstari wa mwisho, na nilikwenda, nilikaa mpaka mwisho, nilikula nilichopewa. Ilikuwa msiba au harusi sitawaambia, maana niliapa kutouliza, na ninyi msiniulize.